Tairi za Nyuma au Zote Nne: Ladislaus Anakwenda Kumtoa Mwali

Inatangazwa kwa wananchi wote wa wilaya za Masasi na Newala, walioko bondeni na walioko juu ya mlima, wenye magari, wenye baiskeli na wenye ndala tu, kwamba Ndugu Ladislaus wa Mkuti, muuza magodoro, mume wa Bernadeta, baba wa Loyce na mjomba wa Kelvin, yuko katika mashauriano mazito kuhusu gari atakalonunua: liwe linalosukumwa na tairi za nyuma peke yake, au linaloendeshwa na zote nne? Wananchi mnaombwa kuwa watulivu. Minada ya korosho iendelee kama kawaida. Tamko litatolewa.

Tangazo hilo halikupita kwenye kipaza sauti chochote, ila lingepita lisingemshtua mtu. Kufikia wiki ya pili ya Desemba, kila aliyefika kijiweni kwetu kunywa kahawa, pale nyuma ya soko la Mkuti, alikuwa ameshaulizwa swali hilo na Ladislaus mwenyewe, ana kwa ana, huku ameshikwa mkono asitoroke. Muuza kahawa aliulizwa. Askari wa barabarani aliulizwa, akadhani anategwa, akakataa kujibu bila mkubwa wake. Padri mmoja aliyekuwa anapita kwenda Ndanda aliulizwa, akasema yeye hupanda gari analopewa. Ladislaus alilikataa jibu hilo kwa sababu halikuwa la kitaalamu.

Ladislaus ni mtu asiyekaa. Hata kiti hukikalia upande mmoja, kama vile mwenyewe anakuja kukidai. Alianza chuo cha ualimu akaacha kabla hajashika chaki. Akaenda Dar kuuza viatu, akarudi na jozi moja, aliyoivaa. Akafungua banda la kuonyesha mpira, akaliuza wiki moja kabla ya Kombe la Dunia. Akafuga kuku, akawachoka kabla wao hawajachoka kula. Magodoro peke yake ndiyo yaliyodumu, na Bernadeta mkewe anaeleza kwa nini: magodoro anauza Bernadeta. Huku kwetu mtu hulala kwenye jamvi mwaka mzima kwa uvumilivu mkubwa, lakini korosho zikishalipwa analitaka godoro leo hii, inchi nane, lenye maua. Desemba duka hufurika. Na Desemba hiyo ndiyo mume wa mwenye duka alikuwa barabarani anatafuta tairi.

Kwao ni Mnalila, kijiji cha juu, mbele kidogo ya mji wa Newala kuelekea ukingo wa mlima. Ukitaka kumjua Ladislaus lazima ujue namna alivyotoka jandoni. Kwetu mtoto wa kiume akitoka kumbini, kule kambini kwa jando, anayemleta nyumbani ni mjomba. Baba yupo, ndiyo, amevaa vizuri, anapewa mikono kama mgeni rasmi, lakini kazi ni ya mjomba: ndiye anayeleta nguo mpya, ndiye anayembeba mwali, ndivyo tunavyomwita mtoto huyo, na mwali hakanyagi udongo mpaka afike mlangoni kwa mama yake. Mjomba wa Ladislaus alikwenda kumtoa na baiskeli mpya, ina karatasi bado kwenye fremu. Mbele ya umati wote tairi ya nyuma ikapasuka. Kwa kuwa mwali haruhusiwi kushuka, mjomba aliisukuma baiskeli hivyo hivyo na mtoto juu yake, rimu ikilia kwata-kwata-kwata, mpaka mlangoni.

Kuanzia siku hiyo Ladislaus ni Mwali Pancha. Sasa ana mvi kidevuni na binti anayesoma sekondari. Akipanda Newala msibani, mtu humwita kutoka ng'ambo ya kaburi: "Pancha! Umefika?"

Swali hilo linauma kwa sababu mara nyingi hajafika. Arobaini ya mama yao alianza safari mapema kabisa, akafika nusu ya njia, akakumbuka kwamba kuna turubai zuri zaidi Masasi, akageuza. Aliporudi na turubai watu walikuwa wanaosha masufuria. Mdogo wake wa kike, Bibiana, alilipokea turubai, akalikunja, akaliweka ndani, na hakusema neno. Bibiana akisema neno unapona. Akinyamaza ujue hesabu yako imeandikwa.

Kwa hiyo shule zilipofungwa na simu ya Bibiana ikaingia, Ladislaus alisimama kuipokea.

"Kaka."

"Naam, Mama Kelvin."

"Mwenzio Kelvin ameingia kumbini. Wanatoka Jumamosi ya mwisho ya mwaka."

"Nitamtoa mimi. Kwa gari langu."

"Huna gari."

"Nitakuwa nalo."

"Kaka, sijaomba gari. Nimeomba uwepo. Ngoma ikianza hujafika, kaka Edmund atambeba, basi, na huyo ndiye atakuwa mjomba wake. Mimi nimechoka kumwambia mtoto mjomba yuko njiani. Kila mwaka yuko njiani. Barabara gani hiyo isiyofika mahali?"

Edmund ni kaka yao mkubwa, anakaa Newala mjini. Ni mtu wa shati jeupe, ambaye harusini hufika wakati bwana harusi bado anaoga. Kushindwa na Edmund kwa kufika mapema si aibu, kila mtu ameshashindwa. Lakini kumpoteza mtoto wa dada yako kwa Edmund ni jambo jingine. Huku kwetu mtu anaweza kukosa mali akaitwa mtu. Akikosa wapwa ataitwa nani?

Magari yenyewe yalikuwa mawili na ni ndugu wa tumbo moja: aina moja, umbo moja la chini lenye macho makali, injini moja ya silinda sita. Jina la kampuni naliacha, wanajitangaza vya kutosha. Tofauti ilikuwa chini ya uvungu.

La kwanza lilikuwa jeusi, lipo Nanganga kwa Nickson, Mchaga wa vifaa vya ujenzi, aliyelinunua kwa tamaa kisha akagundua kwamba halibebi saruji. Hilo lilisukuma kwa tairi za nyuma tu. Lilikuwa chini kiasi kwamba kuku wa Nanganga walikuwa wanaliruka badala ya kupita chini yake. Ukiliwasha, eksozi inakohoa kwa heshima, kama mzee anayetaka watu wajue ameingia.

"Mzee, kanyaga," Nickson alimwambia siku ya kulijaribu. "Usiogope. Hiyo haikuvuti, inakusukuma mgongoni. Gari ya mwanaume hiyo."

Ladislaus alikanyaga. Mgongo ukalala kwenye kiti, mikorosho ya kando ya lami ikageuka ukuta wa kijani, na kwa muda mfupi hapakuwa na baiskeli, hapakuwa na rimu, hapakuwa na kwata-kwata. Alishuka anacheka peke yake.

La pili lilikuwa la rangi ya fedha, lipo Ndanda kwa Gwakisa, mtu wa maabara, Mnyakyusa mpole aliyepata uhamisho wa kurudi kwao Tukuyu. Hilo lilikuwa fowili: zote nne zinafanya kazi. Liliinuka kidogo kuliko mwenzake, lilikuwa zito, lilikunywa mafuta zaidi, viti vyake bado vilikuwa na nailoni ya kiwandani, na nyuma kulikuwa na boksi la tishu lililovalishwa kitambaa cha kufuma.

"Ndugu yangu, hii haina mbwembwe," Gwakisa alisema. "Ukikanyaga inaondoka. Mvua ikinyesha inaondoka. Inaondoka tu."

Ladislaus aliliendesha mpaka njia panda na kurudi, akashuka bila kucheka. Alituambia baadaye kwamba ndani ya lile jeusi alijisikia kijana, na ndani ya lile la fedha alijisikia makamu mkuu wa shule.

Hapo ndipo nchi ilipogawanyika. Kijiweni pakawa na Chama cha Nyuma na Chama cha Nne. Chama cha Nyuma kiliongozwa na Mwalimu Elineema, Mpare wa fizikia, ambaye alichovya kidole kwenye kahawa na kuchora mlima juu ya benchi.

"Gari likipanda, uzito unahamia wapi? Nyuma. Tairi zipi zinakandamizwa? Za nyuma. Sasa hizi za mbele unazipa kazi ya nini, zenyewe zimeshanyanyuka kuangalia mandhari? Hii ni elimu ya kidato cha tatu."

Chama cha Nne kiliongozwa na Erasto, fundi magari, mtu wa kusema huku anafuta mikono.

"Mwalimu, umewahi kupanda Newala mvua imenyesha?"

"Mara nyingi."

"Unaendesha nini?"

"Basi."

"Unaendesha basi?"

"Nimepanda basi."

"Umekaa wapi?"

"Siti ya mbele."

"Haya, jamani, tumepata dereva."

Kijiwe kizima kilicheka, lakini Elineema hakuzima. Akauliza kama Erasto anajua kwamba juu kule udongo ni mchanga mwekundu, kiangazi tairi huzama kama kwenye unga, na mvua kidogo ikinyesha mchanga hushikana. Erasto akasema ndiyo, mvua kidogo hushikana, mvua nyingi huteleza kama bamia. Sasa mvua itakuwa kidogo au nyingi? Hapo vyama vyote viwili vilitazama mbinguni.

Shakila muuza vitumbua alikuwa anapita na beseni lake. "Nyie akina baba," alisema bila kusimama, "gari likikwama anasukuma nani? Si abiria? Sasa mnabishania tairi za nini?" Tukamnunulia vitumbua ili aende.

Tangu hapo Ladislaus alianza kuishi kwa kutazama mawingu. Asubuhi jua likiwaka anatuma ujumbe Nanganga: *Nickson, lioshe, nakuja.* Mchana wingu likipita juu ya mlima wa Masasi anampigia Gwakisa: asimpe mtu mwingine. Anakwenda Ndanda kulitazama la fedha, akifika anakumbuka sauti ya lile jeusi, anapitiliza hadi Nanganga. Anarudi jioni na vumbi la sehemu zote mbili, bila gari lolote. Dukani hakai. Anakwenda mlangoni, anarudi, anabonyeza godoro, anakwenda mlangoni. Mteja mmoja kutoka Chiungutwa alimuuliza kama godoro lile halibonyei upande mmoja. Akajibiwa kwamba inategemea uzito umeegemea wapi, mbele au nyuma. Mteja akaenda duka la jirani.

Bernadeta alimtazama muda mrefu siku hiyo. "Baba Loyce, hivi unanunua gari au unaoa? Maana ungekuwa unaoa ningeshaondoka, sasa hivi nimepumzika kwetu."

"Nataka nisikosee, Mama Loyce."

"Hujawahi kukosea. Kukosea lazima kwanza uamue."

Ladislaus alimpigia na Bibiana. "Mama Kelvin, huko mvua imenyesha?"

"Umeniuliza mvua. Mtoto hujamuuliza."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima. Huwa anauliza kama utakuja. Mvua haijaniuliza chochote."

Wiki ya mwisho ikaingia. Jumatano aliamua: jeusi. Alitutangazia kijiweni, Elineema akanunua kahawa kwa wote, Erasto akakataa ya kwake kwa msimamo. Alhamisi aliamua tena: jeusi, kwa uhakika. Ijumaa mchana mbingu ya Masasi ikafunguka. Mvua ilipiga mabati mpaka watu wakawa wanaongea kwa ishara, barabara ya Mkuti ikageuka mto mdogo wenye ndala zinazoelea. Ladislaus alisimama barazani kwa muda, shati linamwagikiwa, kisha akaingia kwenye basi la Ndanda bila kuaga mtu.

Gwakisa alikuwa anafunga vyombo. Alimpa funguo na kumtazama usoni.

"Umeipenda?"

"Hapana."

"Vizuri. Utaitunza."

Jumamosi asubuhi tuliwaona wakiondoka. Ladislaus usukani, Bernadeta kando yake amevaa vitenge vipya, na kwenye mapaja yake suti ndogo ya bluu kwenye hanga, viatu vya kung'aa, miwani ya jua na mwavuli wenye rangi. Hizo ndizo nguo za mjomba. Bila hizo mwali hatoki, au anatoka na shati la Edmund.

Hadi wanakaribia Chiungutwa gari lilikuwa linakwenda vizuri na Ladislaus alikuwa ameanza hata kupiga mluzi. Kisha mluzi ukakatika. Nyuma ya lori lililowatangulia kulikuwa na vumbi. Si ukungu, vumbi, jekundu, kavu, la kutosha kupaka nyumba. Akapunguza mwendo. Akasimama pembeni.

"Mama Loyce, unaona?"

"Naona mikorosho."

"Vumbi. Huku haijanyesha kabisa. Hata tone."

"Tumshukuru Mungu, tutafika wasafi."

"Sasa fowili ya nini?"

Bernadeta aligeuza shingo polepole.

"Nickson hajaliuza," Ladislaus aliendelea, na macho yameshaanza kwenda huku na huku. "Jana usiku nilimtumia ujumbe asubiri. Kama huku ni kukavu hivi, mlima mzima ni mkavu. Fikiria lile jeusi linaingia pale Mnalila. Fikiria sauti tu. Tunageuza, Nanganga mara moja, tunalibadilisha na hili, tunarudi."

Nanganga iko upande wa pili kabisa, ng'ambo ya Masasi, ng'ambo ya Ndanda. Mtu mwenye akili timamu akiwa Chiungutwa hasemi "Nanganga mara moja". Lakini usukani ulikuwa umeshazunguka. Pua ya gari ilikuwa inatazama Masasi.

Bernadeta hakugomba. Alifungua mlango, akashuka na suti, viatu, miwani na mwavuli, akafunga mlango taratibu kama anayefunga kabati la vyombo. Chini ya mkorosho walikuwa wamekaa bodaboda.

"Kijana!"

"Naam mama, shikamoo."

"Marahaba. Nipeleke Newala, Mnalila."

"Mbali, mama."

"Najua ni mbali, nimeolewa huko. Twende."

"Na hiyo suti?"

"Suti inapanda na mimi. Na huyo baba kwenye gari mwambie, akifika Masasi afungue duka, funguo ziko kwa Loyce. Mtoto nitamtoa mimi."

"Mama, si anatakiwa mjomba?"

"Leo atatolewa na mke wa mjomba. Mjomba yuko njiani."

Wakati huo huo simu ya Ladislaus ililia. Ni Bibiana, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngoma. Bado hazijachanganya, zilikuwa zile za kupasha, moja moja, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

"Kaka, uko wapi?"

Kila mwaka alikuwa na jibu la swali hilo, neno moja, lenye kuteleza vizuri. Safari hii lilifika kinywani likagoma. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa barabara ya kurudi. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mkewe anapakiwa kwenye pikipiki, suti ya bluu imemwangukia begani kama mtoto aliyelala.

"Chiungutwa," alisema.

"Unaelekea wapi?"

Mdogo wake alisubiri, ngoma ikagonga mara kadhaa, kisha simu ikakatwa.

Akageuza. Bodaboda tunayemfahamu anasema aligeuza vibaya, akapanda kwenye tuta la mihogo, tairi zote nne zikarusha udongo, na pengine hiyo ndiyo mara pekee siku ile zote nne zilipofanya kazi ya maana. Akaifukuza pikipiki. Akaifikia. Akashusha kioo.

"Mama Loyce, panda."

"Endesha tu, nakuona."

"Utachafuka."

"Nimeshachafuka."

Wakapanda mlima hivyo: pikipiki mbele na mama wa vitenge na suti inayopepea, nyuma yake gari la silinda sita linalomeza vumbi lao. Kona za kutisha zikapita, kokoto zikapita, lori bovu likapita. Ladislaus hakukumbuka kutazama kama tairi zinashika. Alikuwa anaitazama ile suti. Bernadeta alikubali kuingia garini juu kabisa, mji wa Newala ulipoonekana, na aliingia ili tu afike na heshima yake.

Mnalila, pale kumbini, walimkuta Edmund ameshakunja suruali. Shati lake lilikuwa jeupe la kuumiza macho.

"Pancha! Umefika?"

"Nimefika, kaka. Shikamoo."

"Marahaba." Edmund aliikunjua suruali, upande mmoja kisha mwingine, bila haraka. "Nilikuwa najiweka tayari tu."

Kelvin alivalishwa. Suti ilimkaa, miwani ikamfunika nusu ya uso, mwavuli ukafunguliwa. Akanyanyuliwa juu juu, miguu hewani, akaingizwa kwenye gari la mjomba wake, na watu wakapiga vigelegele mpaka vikasikika kijiji jirani. Ladislaus akawasha. Akaweka gia. Akainua mguu kwenye breki.

Na hapo Bibi Pili, mama mdogo wa marehemu mama yao, mfupi kama kinu, akatoka kwenye umati na kusimama mbele ya boneti.

Sasa wananchi, naomba tuulizane. Elineema ana miaka kumi na miwili Masasi, ameshaalikwa kwenye sherehe hizi kila mwaka. Erasto alitolewa jandoni mwenyewe. Sisi wengine tumezaliwa huku, tumecheza mbele ya magari ya mwali tangu hatujaota meno ya mbele. Siku zote zile tulibishania uzito, mchanga, mlima na bamia. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba gari la mwali haliendi. Gari la mwali hufuata ngoma, ngoma hufuata akina mama, na akina mama humfuata bibi aliye mkubwa kuliko wote, naye hucheza akirudi kinyumenyume, uso kwa gari, hatua mbili, anasimama, anatikisa bega, anafikiri, hatua moja. Kumpita ni laana. Kumpigia honi ni kuhama kijiji.

Kutoka pale hadi kwa Bibiana ni mwendo wa mtu kwenda kuazima chumvi. Walianza jua likiwa kichwani. Gari lenye uwezo wa kufika Nangurukuru kabla hujamaliza kupiga chafya lilitambaa nyuma ya kikongwe, mguu kwenye breki, mguu kwenye breki, tairi za nyuma hazina habari, za mbele hazina habari.

"Njomba," Kelvin alisema kutoka nyuma ya miwani, "tutafika leo?"

"Tutafika."

"Kunanukia."

Mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka mwisho na kukaa huko. Feni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ikaja kujulikana, ilikuwa imekufa zamani. Gwakisa hakujua, maana kwenye lami upepo wa mwendo ulikuwa unafanya kazi yake, na katika utumishi wake wote hakuwahi kufuata bibi. Boneti ikatoa moshi mweupe, kwanza kidogo kama wa sigara, kisha kama wa jiko la harusi. Gari likazima. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Kutoka mahali fulani nyuma, mtu asiyejulikana akasema kwa sauti ya upole: "Pancha."

Watu walicheka, walicheka kwa haki kabisa. Ladislaus alishuka. Pale mbele, mlangoni kwake, Bibiana alikuwa amesimama na mikono imefungwa kifuani. Hakuwa anacheka. Alikuwa amenyamaza.

Edmund alishafika kwenye mlango wa nyuma wa gari. Alikuwa ameshakunja suruali tena. "Niachie mimi, nimfikishe. Wewe shughulika na gari lako, nenda Newala kachukue fundi."

Kusema kweli yalikuwa maneno ya kiungwana, na kwa Ladislaus yalikuwa matamu. Newala palikuwa na fundi. Palikuwa na maji, palikuwa na feni, palikuwa pengine na gari jingine. Miguu yake yenyewe ilishaanza kutazama barabara. Bernadeta aliiona. Alishika mwavuli kwa nguvu. Alikuwa ameshashuka garini mara moja siku hiyo, mara ya pili haikuwa zamu yake.

Ladislaus akavua koti. Akampa Edmund alishike.

"Shika hili, kaka," alisema. Akachuchumaa kwenye mlango wa gari, mgongo kwa mtoto. "Panda."

"Njomba, mimi mzito."

"Panda, Kelvin, kabla sijafikiria."

Mtoto akapanda mabegani. Alikuwa mzito kweli, wiki zote zile kumbini hawalishwi hewa. Magoti ya Ladislaus yalilia, akasimama. Ngoma ikaanza. Vijana wakazunguka nyuma ya gari wakasukuma, akina mama wakafunga khanga mbele wakavuta, maana gari la mwali haliachwi njiani, na hivyo ndivyo gari lile lilivyoendeshwa kwa mbele na nyuma mpaka uani. Bibi Pili hakuongeza mwendo hata kidogo. Nadhani alipunguza. Alimtazama Ladislaus machoni, akatikisa bega, akafikiri, hatua moja. Jasho lilimwingia machoni, viatu vya kung'aa vikampiga kifuani, na kila akifikiri kwamba sasa wamefika, bibi anakumbuka wimbo mwingine.

Alimteremsha Kelvin mlangoni kwa mama yake. Bibiana alimpokea mtoto, akamvua miwani, akamtazama. Kisha akamgeukia kaka yake, aliyekuwa ameshika fremu ya mlango anatafuta pumzi.

"Mleteeni mjomba wake kiti," alisema.

Jumatatu alikuwa kijiweni. Alikaa kitako kizima kwenye benchi, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, kwa sababu mgongo haukuruhusu kukaa upande. Habari zilikuwa zimeshamtangulia, ila tamko rasmi lilikuwa bado. Elineema alichovya kidole kwenye kahawa, tayari kuchora. Erasto aliacha kufuta mikono. Hata Shakila alitua beseni.

"Wananchi, tulieni," alisema Elineema. "Ndugu Ladislaus, umesafiri, umepanda mlima, umeshuka. Umma umesubiri mwezi mzima. Tuambie: za nyuma, au zote nne?"

Ladislaus alikunywa kahawa yake, akaweka kikombe chini.

"Kabla hujanunua, angalia feni."